Sauti ya Mama Mkubwa Ukumbini Masasi

Mimi si mtu wa hasira. Waliosoma nami watakwambia nilikuwa yule msichana wa nyuma darasani anayechekacheka. Lakini kuna hasira moja ninayo, nimekaa nayo miaka, na watu wakiniambia niiache ndipo inapokolea.

Nilizaliwa Makote, nikasoma sekondari Masasi, kisha nikaenda chuo kikuu, mbali na kwetu, kusomea kompyuta. Nilipofika shahada ya uzamili nilichagua kazi niliyoiona ya maana kuliko zote. Nilitaka mkulima wa kwetu aulize swali kwa Chimakonde, kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye simu, na mfumo umtafutie jibu. Si jibu la kutunga. Mfumo ungepekua rekodi za wakulima wenzake na maelezo ya wataalamu wa korosho, ukatoa kipande kinachokaribiana zaidi na alichouliza, ukamsikilizisha. Kwa sababu vile vipeperushi vya Kiswahili vinavyobandikwa kwenye ofisi ya kata, mama zangu hawavisomi. Kiswahili wanakijua, cha sokoni na cha zahanati. Ugonjwa wa mkorosho wanausema kwa lugha yao.

Siku ya kutetea pendekezo langu, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, "Hii lahaja yenu ina maandishi?"

Nikamjibu kwamba ni lugha, si lahaja, na maandishi yake ni machache.

"Sasa utatafuta nini ndani ya kitu kisichoandikwa?" Akacheka, na wenzake wakacheka naye.

Msimamizi wangu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa na shahada ya uzamivu, mtu wa mkoa mwingine, mpole, shati lake limepigwa pasi siku zote. Alisema, "Mwacheni akusanye sauti. Sauti ndizo zinazotakiwa sasa." Nilitoka chumbani nikimwombea heri. Nilidhani anatetea kazi yangu.

Nilianzia Chilangala, kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hawapiki?"

Nikamweleza nilichofuata. Nikaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamwambia aulize lolote linalomsumbua kuhusu mikorosho.

"Nimuulize nani?"

"Hiyo simu."

"Simu inajua kupuliza salfa?"

Tukacheka. Kisha akaanza, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia. Alieleza ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unavyoingia kwenye maua, namna salfa ya kuupuliza inavyokuja imechelewa, mkorosho alioachiwa na mumewe ambao kila mtu alimwambia aukate na yeye akakataa. Mimi nilifurahi tu. Sijapata kusikia Chimakonde kizuri kama kile cha mama mkubwa.

Halafu, bila mimi kuuliza, akamfikia binti yake. Yule dada yangu alifariki kwa uzazi. Gari la kumpeleka hospitali lilisubiriwa tangu asubuhi, likafika jua limeshakuwa kali, naye damu ilikuwa imekwisha mwilini. Nilijua kwamba alifariki. Sikuwahi kusikia alivyofariki. Mama mkubwa aliisimulia huku kisu kikiendelea kumenya, na alipofika mahali pa kusema mwanawe alivyoishiwa nguvu mikononi mwake, alitumia neno lile lile tunalolitumia kwa mche unaonyauka.

Alipomaliza aliitazama simu. "Hicho kidude kilikuwa kinasikia?"

"Kilikuwa kinasikia, mama mkubwa."

"Hayo ya mwanangu yatoe. Ya mikorosho chukua, yote chukua. Ya mwanangu si ya watu."

Nikayafuta palepale, ameinama ananitazama kidole. Tatizo ni kwamba msimamizi wangu alikuwa ameweka utaratibu: kila rekodi inayokamilika inapanda yenyewe kwenye seva yake, ili simu ikiibwa kazi isipotee. Kwa hiyo nakala ilikuwa imeshakwenda. Kesho yake nilipanda hadi Newala mjini, nipate kuongea bila kusikiwa nyumbani, nikampigia. Nikamweleza rekodi ipi, kuanzia wapi hadi wapi, na kwa nini.

"Nimekuelewa kabisa," alisema. "Pole kwa familia."

Jioni alinitumia ujumbe wa neno moja: Imefutwa.

Nililiamini neno hilo. Ningeachaje? Nikaendelea. Nilizunguka vijijini msimu mzima wa mabibo, nikarudi chuoni nikiwa na sauti za watu wengi, nikaketi kuandika walichosema neno kwa neno, kuifundisha kompyuta kutofautisha maneno ambayo kwa sikio la mgeni yanafanana. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo na niliipenda. Mfumo ulipoanza kujibu, hata kwa kubabaisha, nilimpigia mama yangu nikampa aongee nao. Aliuambia ahsante.

Ndipo msimamizi akaja na habari ya maonyesho. Kampuni fulani ya nje ilikuwa inafadhili mambo ya lugha za Kiafrika kwenye kompyuta, na wakubwa wake wanataka kuona kazi ikifanyika kwenye mazingira yake. Tutayafanya Masasi, akasema, tualike wakulima waliorekodiwa. Nilifurahi sana. Mimi mwenyewe nilikwenda Chilangala kumleta mama mkubwa. Alivaa kanga mpya, akajipaka mafuta, njia nzima anawaambia abiria kwamba sauti yake leo inaonyeshwa kwa wazungu.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wageni, maofisa wa wilaya, na msimamizi wangu amesimama na kipaza sauti. Wakulima walikaa nyuma, wanawake upande mmoja. Mimi niliwekwa pembeni karibu na spika, niwe tayari kama waya utaleta shida. Kompyuta iliyotumika haikuwa yangu. Nilimuuliza asubuhi kwa nini, akasema hiyo ya kwake ina nguvu zaidi.

Akamwita mzee mmoja mkulima kutoka Lupaso, mkalimani akamwambia aulize swali lolote. Mzee akakohoa, akauliza kwa Chimakonde: mkorosho wangu mchanga unanyauka, nifanyeje?

Mfumo ukatafuta. Kisha spika zikatoa sauti ya mama mkubwa.

Haikuwa habari ya mikorosho. Ilikuwa ile ya binti yake. Kompyuta ilikuwa imelikuta neno la mzee, neno la kitu kichanga kinachonyauka, na katika rekodi zote za vijijini iliona kipande kinachofanana nalo zaidi ni mama anayeeleza mwanawe alivyomfia mikononi. Ikakileta kama jibu. Ukumbi mzima ukasikia gari lililochelewa. Ukasikia damu. Ukasikia kisu kikimenya muhogo.

Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, na mama mkubwa mpaka leo anaitwa kwa jina la huyo huyo marehemu. Kila aliyemwamkia mlangoni asubuhi ile alilitaja. Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa nyuma kule ambaye hakujua ni nani anayesema na nani anayesemwa. Kimya kilichoshuka sijapata kukisikia tena.

Na msimamizi wangu alikuwa anatabasamu. Hakujua hata neno moja la Chimakonde. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kufuata mdundo wa sauti, kama mtu anayesikiliza muziki mzuri, akiwatazama wageni kuona kama nao wanafurahi. Kile kimya alikidhania mshangao. Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi.

Niling'oa waya wa spika ukutani. Sikuuchomoa, niliung'oa, na kipande cha plasta kikatoka nao.

Mama mkubwa alikuwa ameshasimama. Alisema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, labda ili na wale wa mbele waelewe, "Nilisema si ya watu." Kisha akajifunika kanga kichwani akatoka, na wanawake wa Chilangala wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, bila kelele.

Msimamizi alinifuata nje akiwa amekasirika yeye. Yeye! "Umefanya nini? Umeniaibisha mbele ya wafadhili!"

"Uliniandikia imefutwa."

Akatazama pembeni. "Ilikuwa sauti safi kuliko zote. Haina kelele ya upepo, mama anaongea mfululizo. Unajua ni vigumu kiasi gani kupata rekodi ya namna ile?"

"Unajua alikuwa anasema nini?"

"Kwenye utafiti hatuangalii mtu mmoja mmoja anasema nini. Tunaangalia lugha."

Nilimwambia alichosema mama mkubwa. Nilimtafsiria neno kwa neno, pale pale juani, pamoja na damu. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona uso ukimbadilika, na nadhani kwa kitambo kidogo aliona haya. Halafu akasema, "Lakini alikubali kurekodiwa."

Hilo ndilo linaloniamsha hasira hata leo ninapoandika. Angenitukana ningemsahau. Alikubali kurekodiwa! Mtu anakukaribisha uani kwake, anakupa kigoda, anakuonyesha mikorosho yake, anakwambia hiki chukua na hiki acha, halafu wewe unachukua vyote, na ukiulizwa unasema si alinikaribisha.

Ndipo akaniambia lililobaki, maana ningelijua tu. Rekodi zote zilikuwa zimeshawekwa hadharani kwenye mtandao, mtu yeyote duniani azichukue kufundishia mashine zake. Kampuni ilikuwa imeshazichukua. Wengine pia, hajui ni akina nani.

Nilipeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili ya chuo, nikitaka rekodi ziondolewe. Msimamizi alinionya kwa upole wake uleule kwamba nikiziondoa rekodi, tasnifu yangu inaanguka, kwani imejengwa juu yake. Nikamwambia ianguke. Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza ni madhara gani hasa yametokea, kwa sababu watumiaji wa nje hawaijui lugha hiyo. Nilimuuliza kama angependa kilio cha mama yake kifunguliwe kwenye ukumbi wa watu wa Chilangala, kwa kuwa nao hawaijui lugha yake. Niliambiwa nitumie lugha ya staha.

Waliamua kwamba kulikuwa na "kasoro ya mawasiliano". Rekodi ya mama mkubwa iliondolewa kwenye ukurasa wa msimamizi. Nakala zilizokwisha kwenda hazirudi, na hakuna aliyejaribu kuzirudisha. Nilipewa msimamizi mwingine, mwanamke mkali asiye na maneno mengi, nikaanza upya na rekodi chache za watu waliokubali tena baada ya kuelezwa kila kitu. Nilichelewa kuhitimu. Yule wa kwanza alipanda cheo.

Kwa mama mkubwa nilikwenda wiki ileile. Nilipiga magoti mlangoni.

"Inuka," alisema. "Wewe ulifuta. Nilikuona kwa macho yangu." Kisha akauliza, "Yuko wapi sasa mwanangu? Hiyo sauti. Iko wapi?"

Nilimweleza nilivyoweza. Kwamba iko kwenye mashine za watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua, imekatwakatwa, na kwamba siwezi kuifuata.

"Kwa hiyo nimemzika, na bado hajazikwa," alisema. Kisha akaenda jikoni kuchochea moto. Hajanifukuza. Nikienda ananipikia. Lakini simu akiiona mkononi kwangu anahama sehemu, anaketi kwingine.

Sasa nafundisha Masasi, na wanafunzi wa vyuo bado wanakuja kila mwaka na simu zao kukusanya Chimakonde, Chiyao, Emakhuwa. Lugha zetu zimekuwa mali. Nikisikia wamefika, nakwenda. Sialikwi. Juzi niliwakuta Lupaso, vijana wenye adabu, wamewapanga akina mama kwenye mabenchi ya shule. Nikawaomba kwamba kabla hawajaanza wamwonyeshe kila mtu namna ya kufuta alichosema, na wawaeleze sauti inakwenda wapi ikitoka hapo.

"Madam, hiyo itatuchelewesha," kiongozi wao aliniambia.

"Itawachelewesha," nikamjibu, nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

Wakaonyesha, kwa kununa. Mama mmoja mnene, wa kilemba cha kijani, alirekodi hadithi ndefu, akaisikiliza yote tangu mwanzo hadi mwisho huku akitabasamu, kisha akabonyeza kufuta. Yule kijana alishika kichwa. "Mama, kwa nini? Ilikuwa nzuri sana!"

"Nimeona kuwa nzuri. Ndiyo maana inabaki kwangu," alisema yule mama, akamrudishia simu yake, akaenda zake shambani.