Sinema Aliyoisikia Dada Kupitia Ukuta

Katika ukoo wetu hakuna anayejua sinema kunizidi mimi mjomba. Mimi na shule tuliachana mapema, nani alimwacha mwenzake tusiulizane. Lakini ile filamu ya karani aliyepanda treni akamwacha mchumba wake stesheni, ile iliyoliza mji mzima, niliitazama mpaka nikaona karani ananizoea. Tena bure, kwa kuwa dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiuza tiketi.

Dada alikaa katika kijumba chenye tundu la kupitisha mkono. Watu aliwajua kwa kucha na pete. Sura zao angekutana nazo sokoni asizitambue. Kutoka hakuruhusiwa, wachelewaji walikuwa wakija mpaka karibu na mwisho, na siku yake ya mapumziko ukumbi nao ulifungwa. Basi filamu ile akaisikia tu, kupitia ukuta uliokuwa nyuma ya kiti chake. Kisha watu walitoka wakijifuta macho, naye akawa anajiambia, ipo siku yangu.

Niliwahi kutaka kumsimulia. "Thubutu," akasema. "Ukinisimulia, kuanzia kesho unalipa kama wenzako."

Nilifunga mdomo. Mimi si mjinga.

Ukumbi ukaja kugeuzwa ghala la saruji. Dada akauza vifungo na nyuzi, akalea binti yake, akazeeka vizuri. Hakuisahau. Juzi Jumapili mchana binti akatuita sebuleni: ameipata filamu. Dada akaja amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani, akakaa kiti cha mbele kama mtu aliyekata tiketi.

Karani akatokea.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mabega kama hanga ya nguo?"

"Heshima, dada," nikasema. "Huyo amewaliza wanawake wa mji mzima."

"Walikuwa na lao."

Tukaendelea. Kila nilipomchungulia, macho makavu. Treni ilipopiga honi akageuka. "Farasi yuko wapi?"

"Farasi gani, mama?"

"Yule anayekuja mbio kabla ya treni. Halafu mvua inamwagika."

Binti akanitazama. Mimi mtaalamu nikajikuna kichwa, nikakumbuka: kabla ya treni karani anachapa taipureta kwa hasira, halafu, humo humo kwenye filamu, watu wanampigia makofi mwimbaji. Nikamweleza: farasi wake ni taipureta, mvua yake ni makofi. Niliangua kicheko, nikacheka peke yangu.

Filamu ikaisha. Binti akauliza taratibu, "Hujaipenda?"

"Nzuri." Ile "nzuri" yake ya kumwambia mteja aliyechagua vifungo vibaya. Akaufungua mkoba, akaufunga. "Ujana wangu wote nilikaa nyuma ya ukuta nikijua kuna kitu kikubwa wenzangu wanakipata, mimi nimewekewa. Leo nimefunguliwa mlango. Ndicho hiki?"

Yule mtoto alikuwa ameitafuta filamu ile kwa jasho, na sasa alishika rimoti kama kitu kilichomvunjikia mkononi.

"Huyo farasi wako," nikamwuliza dada, "alikuwa amempakia nani?"

"Mchumba, bwana! Aliambiwa karani anaondoka, akapanda farasi bila hata kuvaa viatu. Anafika, mvua ndiyo inaanza. Treni nayo inapiga honi."

"Anamuwahi?"

"Subiri. Mwanangu, irudishe pale kwenye taipureta. Fumbeni macho. Wewe mjomba mtu, yote mawili."

Tukafumba. Mwanzoni nilisikia taipureta tu. Kisha vidole vikashika kasi, na nakuapia, kwato hizo, zinakuja kwenye barabara ya mawe. Makofi yakalipuka, mvua ikapiga mabati. Honi. Sauti ya mwanamke, kisha kimya, kile kimya ambacho zamani nilikijaza kwa kutafuna karanga.

"Amemuwahi," dada akanong'ona. "Kila siku alikuwa akimuwahi."

Nikafumbua jicho moja, ndivyo nilivyo. Mkoba ulikuwa sakafuni. Dada alikuwa analia, binti amemwegemea begani, naye analia. Nikalifumba tena haraka. Nimeitazama filamu ile kuliko mtu yeyote hapa mjini, na farasi nilikuwa sijawahi kumwona.