Mhakiki wa Pili

Nianze na ukweli: Hafswa simpendi. Yaani nampenda, ni mwanafunzi wangu wa zamani, lakini kila anapofanikiwa roho huniuma kama jino bovu, na sina jina la kuliita jambo hilo isipokuwa wivu. Wivu mtupu, wa mtu mzima wa miaka hamsini na minane.

Alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, baba yake fundi wa redio. Alipokuja chuoni kwetu Buxton, mimi, Tsofa, ndiye niliyemfundisha programu ya kwanza. Siku hizo umeme ukikatika kompyuta zote kumi na mbili zinalala, nami nilikuwa na zoezi langu la kuokoa somo. Nanunua maembe sokoni Mwembe Tayari, nawapanga wanafunzi mstari mmoja. Huyu anatazama rangi tu, yule ananusa tu, mwingine anabonyeza. Kila mmoja anapiga kura kwa kokoto zake: embe limeiva au bado? Kisha tunalipasua. Aliyekosea ananyang'anywa kokoto moja, aliyepatia anaongezwa. Baada ya maembe ishirini darasa zima limeelewa mashine inavyojifunza, na maembe tunayala. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa bila kuandika hata ukurasa mmoja. Nilidhani ni ujanja tu wa kupitisha siku.

Hafswa yeye aliandika. Akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na shahada ya uzamifu katika akili unde, akapewa ofisi inayotazamana na yangu. Utafiti wake ni kuifundisha kompyuta kusikia Kimvita. Aliwarekodi kina mama wa Mji wa Kale jikoni mwao, wakizungumza huku wanakuna nazi, na kwa miezi mitatu mashine ile ikadhani mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia ni sehemu ya lugha. Ningekuwa mimi, watu wangecheka na yangeishia hapo. Kwa kuwa ni Hafswa, aliandika makala kuhusu kosa lenyewe, akaalikwa kuhutubia Kigali. Wageni wakija chuoni humwulizia yeye. Mimi huniuliza choo kiko wapi.

Mwaka jana chuo kikatangaza nafasi ya mhadhiri mwandamizi. Moja tu. Mimi nimebakisha miaka miwili nistaafu, na cheo changu hakijasogea tangu Hafswa akiwa skuli. Niliomba. Kamati ikajibu kwamba faili langu limekamilika isipokuwa kitu kimoja: ushahidi uliochapishwa kwamba kazi yangu imewafaa wengine. Wakanipa hadi Juni. Nikajua tu kwamba wanamwekea Hafswa. Hakuniambia kama ameomba, nami sikumwuliza.

Mwezi wa pili jarida moja la elimu ya kompyuta likaniletea makala niihakiki. Desturi yao ni kwamba mhakiki hamjui mwandishi, wala mwandishi hamjui mhakiki. Majina yote hufutwa. Lakini ni watu wangapi duniani wanaorekodi kina mama wakikuna nazi? Kanuni inasema ukimtambua mwandishi, irudishe. Sikuirudisha. Nilifunga mlango nikakaa nayo.

Nilisoma kurasa nne, zote za sauti, nikitafuta makosa. Niliyapata mawili madogo nikayakuza. Muhtasari ulisema sehemu ya mwisho inaeleza zoezi la kuwafundisha wanaoanza bila kutumia kompyuta. Hiyo sikuisoma kabisa. Niliandika: "Mazoezi ya aina hii ni mchezo wa chekechea. Aliyeyabuni haelewi mashine inavyojifunza." Nikapendekeza makala ikataliwe, nikarudi nyumbani Tudor nikipiga mluzi.

Mwezi wa Mei, asubuhi, Hafswa akabisha mlangoni kwangu, karatasi mkononi, macho mekundu.

"Sabalkheri, mwalimu."

"Sabalkheri, mwanangu. Kuna nini?"

"Makala yangu wameikataa. Wahakiki watatu, wawili wameipenda, huyu wa pili ameiua. Nami n'litaka itoke kabla ya Juni."

"Usijali," nilisema, nikijikaza nisitabasamu. "Nafasi nyingine za mwandamizi zitakuja."

"Nafasi gani? Mimi sikuomba, mwalimu." Alinitazama kwa mshangao. "Nusu ya mwisho ya makala ni zoezi lako la maembe. N'melipeleka skuli sita hapa kisiwani, na watoto wamefahamu kuliko kwa vitabu. Jina lako limo kila ukurasa wa nusu hiyo, ila wao hututaka tulifute mpaka makala ikubaliwe. Si n'lisikia kamati yako inataka ushahidi? Nikasema nifanye kimya kimya, nije nikupe imeshachapishwa."

Kisha akanisomea. "Yuwasema, 'Aliyeyabuni haelewi mashine inavyojifunza.' Wewe! Wewe uliyenifundisha mimi! Huyu mtu ana chuki gani nawe?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Na chini ya aibu, niseme kweli, wivu ulikuwapo bado, tena mkali kuliko wa kwanza. Yeye aliweza kuniandika kila ukurasa. Mimi sikuweza kumsoma zaidi ya kurasa nne.

"Tumjibu," alisema, akavuta kiti. "Wahariri wametupa siku kumi za kukata rufaa."

Nilipiga hesabu haraka kichwani. Nikinyamaza, neno la mhakiki litabaki na makala itakufa. Nikisema, makala huenda ikapona, lakini hakuna kamati itakayompandisha cheo mtu aliyefanya nililofanya. Hafswa alikuwa ameshafungua kompyuta yake juu ya meza yangu.

"Nianzeje?" akauliza.

"Anza na jina lake."

"Jina lake hatulijui, mwalimu."

"Andika Tsofa," nikamwambia.

Vidole vyake vikabaki juu ya vibonye, havikuandika kitu.