Fundi Umeme na Samaki Waliokataa Kutoka

Fundi umeme wa mtaa wetu ni mwanamke, mama wa watoto watatu. Akibisha hodi kwa mteja mgeni, mwenye nyumba huchungulia nyuma yake kumtafuta fundi. "Ndiye mimi," humwambia, kisha huomba ngazi.

Mumewe analisha samaki kwenye kituo cha utafiti, samaki wa mtoni wenye pua ndefu kama mrija. Jioni moja alimsimulia kwamba samaki hao hutoa umeme mdogo mkiani, na ngozi yao huuhisi mwili mzima. Jiwe likiwa karibu, umeme ule hubadilika. Mnyoo akipita, hubadilika vingine. Ndivyo wanavyojua njia kwenye maji ya matope.

"Baba watoto, mimi umeme nimeusotea darasani miaka miwili," mkewe akasema, "leo unaniletea samaki fundi?"

Walicheka mpaka watoto wakaja kuuliza kulikoni.

Wiki iliyofuata mume alirudi amenyong'onyea. Samaki walikuwa wamejibanza ndani ya vipande vya bomba, hawali, hawatoki. Daktari wa kituo alidhani ni ugonjwa, akatia dawa. Wapi.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Jumatatu."

"Na Jumatatu mlibadilisha nini?"

Mume akafikiri. "Hita ya kupasha maji, basi."

Kesho yake wakaenda pamoja, mke akiwa na mkoba wake wa vifaa. Hakugusa maji. Alizima swichi, akachomoa plagi ya hita, akavuta kiti. Hazikupita dakika kumi, pua moja ikachungulia, kisha ya pili. Punde wote wakawa nje wakizunguka mawe. Alipoiwasha tena, wakatimka kurudi bombani kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu. Hita ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na umeme ulikuwa ukivuja majini.

"Ni kama wewe umulikwe tochi machoni kutwa," alimwambia daktari. "Ungetoka?"

Daktari akakuna kidevu, akamwomba akague matangi yote thelathini.

Siku hizi huenda kituoni kila mwezi, na mumewe humtambulisha upya hata kwa mlinzi: "Mke wangu huyu." Kazi ikiisha, fundi huinamia tangi la kwanza kumtazama samaki mmoja anayependa kupita kwenye tundu la bomba kinyumenyume, mkia mbele, bila kugusa ukingo.