Siku niliyompulizia pumzi baba mkwe wangu

Wakuu, hamjambo.

Jana humu mlikuwa mnaulizana kama si aibu kumpulizia mtu pumzi mdomoni. Mimi nshakuwa bibi wa wajukuu saba, uongo wa nini tena? Nawapa yaliyonikuta.

Mtaa wa Ng'ambo, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, nakaa kwa wakwe.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu chumba cha mbele. Nikimwonea haya, basi! Napita nimeinamisha uso, "Shikamoo baba." "Marahaba." Imekwisha hiyo mpaka kesho.

Asubuhi moja nikasikia kishindo. Kukimbilia, baba yuko chini, pasi ya umeme mkononi, waya umechunika.

Mama mkwe akamrukia.

"Mama, usimguse! Umeme!"

Nikazima swichi ukutani kwanza, ndipo tukamsogelea. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga kwa mbali, lakini pumzi hana.

Shuleni tulifundishwa huduma ya kwanza, ila mazoezi tulifanyia mwanasesere. Si mkwe!

Nikasita. Siwafichi, nilisita.

"Unangoja nini?"

"Mama, naona haya."

"Haya utaziona kesho! Leo mpe pumzi!"

Nikamwinua kidevu, nikambana pua, nikapuliza. Kifua kikapanda. Nikapuliza tena, na tena, machozi yananitoka. Sijui mara ngapi.

Akakohoa.

Mama mkwe akakaa sakafuni, akalia kama mtoto. Majirani wakatafuta gari, akapelekwa hospitali.

Siku aliyorudi nilijificha jikoni. Nikasikia naitwa.

"Naam, baba."

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Akanivutia kigoda kando ya cherehani. Hakutaja lolote lililopita. Akanipa kitambaa, akanionesha namna ya kukata shingo ya kanzu.

Miaka mingi nikakaa pale, tukishona na kupiga soga. Ufundi ule ndio uliosomesha wanangu. Leo hayupo, wala nyumba ile haipo. Ningepewa asubuhi moja tu ya kurudi, ningechagua moja ya zile za kushona naye.

Kwa mliokuwa mnaulizana: penye umeme, zima kwanza. Ita msaada. Mtu hajitambui wala hapumui, anza. Hujui kupuliza? Bonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mpaka msaada ufike. Na mkipata mafunzo ya CPR, yaani kubonyeza kifua na kupuliza pumzi, nendeni, mimi niliyoyajua yalikuwa machache.

Kuona haya ni kitu kizuri, wanangu, lakini kungeninyima baba.

Nyie mngeweza kumpulizia mkwe? Semeni kweli, nasoma zote.