Hatua Mbili Kabla ya Ukuta

Jua halijafika uani, na Mama Viti amekwisha kupiga teke la kwanza la siku. Si teke la hasira. Kisigino kinagonga komeo, mlango wa nyuma wa pikapu unalala chali, na mkono wa kushoto unavuta bamba la chuma lililokunjwa ndani yake. Bamba linateleza, linajikunjua na kuning'inia usawa wa goti, likitoa mlio ambao majirani wameacha kuulalamikia: kwaa-ka.

"Kwaa ni kufunguka," anaeleza bila kuulizwa. "Ka ni kukaza. Ukisikia kwaa peke yake, usikanyage. Utanikumbuka ukiwa chini."

Anachomeka nguzo fupi ya kushikia katika tundu lake, anakanyaga bamba, anapanda. Mwanamke ambaye akisimama kando ya gari lake haonekani upande wa pili, sasa anautazama ua mzima kama mwenye nyumba anayekagua mipaka.

Watu wenye elimu wameandika vitabu vingi kuhusu gurudumu. Kipandio hakijapata mwanahistoria. Inawezekana ni kwa sababu waandishi wengi wamejaliwa miguu mirefu, au hawajawahi kutumwa kushusha viti.

Mama Viti anakodisha viti vya plastiki, meza za kukunja na vitambaa vya meza. Ameifanya kazi hiyo kwa karibu miaka ishirini, na leo ana jambo la kuthibitisha. Ukumbi mkubwa wa jirani unatafuta mtu mmoja wa kuuletea viti mwaka mzima. Harusi ya leo ndiyo mtihani wa mwisho, na meneja wa ukumbi ametangaza kwamba atasimama mlangoni mwenyewe. Kwa mwenye viti, ukumbi wa namna hiyo ndio unaoamua kama simu italia au italala.

"Nitaupata," anasema, akikaza kamba juu ya rundo la viti. "Siombi dua ya mvua. Naenda kufanya kazi ninayoijua."

Mumewe, fundi cherehani mwenye meza yake barazani, hainui macho kutoka kwenye pindo. "Alisema hivyo hivyo kuhusu tairi," anasema.

Habari ya tairi inahitaji maelezo. Kabla ya kipandio, Mama Viti alipanda pikapu kama wapandavyo wengine wote: mguu mmoja juu ya tairi, mikono kwenye ukingo, kisha tumbo, kisha majaliwa. Kwa mtu mrefu ni mambo ya kufumba na kufumbua. Kwake yeye lilikuwa shindano la mieleka, na tairi halikuwa likichoka.

Mumewe aliufuatilia mchezo huo kwa njia ya nguo. "Kila wiki gauni moja," anasema. "Limechanika pale pale, ubavu wa kulia, chini ya mfuko. Sikuwa nauliza ulikuwa wapi. Nguo ilikuwa inasema."

"Na wewe ulikuwa unashona kwa uzi wa rangi nyingine makusudi," mkewe anamkumbusha.

"Ili uone aibu."

"Nilionaje, na mshono uko ubavuni?"

Methali inasema mpanda ngazi hushuka. Haisemi hushuka vipi, na huo ni upungufu mkubwa. Msimu mmoja wa mvua, Mama Viti alishuka kwa kukanyaga tairi lenye tope. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Plasta ilipotolewa, daktari alimwambia mkono umepona, lakini usibebeshwe tena uzito wa mwili mzima. Yaani, kwa lugha ya kazi, asipande tena tairi.

Ndipo wakaja wabebaji. Kijiweni karibu na nyumba yake hukaa wanaume wanaopakia na kupakua mizigo, na mkubwa wao huitwa Bega, kwa sababu zilizo wazi. Kila safari, Bega na mwenzake walimkamata Mama Viti kwapani, mmoja huku, mwingine kule, wakasema "Haya mama, hopa!" na kumweka juu. Wakimaliza kazi walimshusha vivyo hivyo. Malipo yalijumlishwa.

"Nilikuwa nahesabiwa na mzigo," anasema. "Viti mia, meza kumi, mama mmoja."

Hapo ndipo meneja wa ukumbi alipomwona kwa mara ya kwanza, akiwa hewani kati ya wanaume wawili, kiatu kimoja kimebaki chini. Meneja ni mtu mnene, mpole, asiyepoteza maneno. Alisubiri hadi miguu ya Mama Viti iliposhika ardhi, kisha akamwambia: "Mama, mtu anayepakiwa pamoja na viti vyake hawezi kuniahidi saa." Kazi akampa mwingine.

Mama Viti anayarudia maneno hayo bila chuki, kama mtu asomaye kipimo cha daktari. "Alisema kweli. Bega akichelewa, nachelewa. Bega akifiwa, nafiwa. Nikajiambia, haiwezekani. Gari ni langu, viti ni vyangu, na kupanda kuwe kwangu."

Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Cheche. Alimchorea haja yake kwa kidole, juu ya vumbi la kioo cha gari. Cheche alitazama mchoro, akamtazama mteja, akauliza kama ni ngazi ya kuku.

"Nikamwambia, kuku ana mabawa. Mimi nitengenezee chuma."

Cheche alikitengeneza kwa mabaki ya geti. Bawaba mbili, mikono miwili, bamba lenye vinundu vya kuchomelea ili mguu usiteleze. Kipandio cha kwanza kilimgonga ugoko kila alipokikunjua. Cha pili kilifunguka vizuri, kikakataa kukunjika. Cha tatu ndicho hiki, na Cheche anakizungumzia kwa sauti ambayo wengine huitunzia watoto waliofaulu mitihani. "Hata tembo apande," anasema. Hajaleta tembo.

Siku ya kwanza kijiweni, wabebaji walisimama kutazama. "Mama, umepata kiti cha enzi?" Bega aliita. "Tukutandikie na zulia?"

"Tandikeni," alijibu, akipanda. "Mabega mnayo, kazi hamna."

Ni haki kusema kwamba kipandio hakikuondoa taabu zote, kilizibadilisha. Bamba likikunjwa hukaa ndani ya mlango wa nyuma na kula nafasi, hivyo kila safari rundo moja la viti hubaki nyumbani. Likisahaulika limefunguliwa, hupigapiga kwenye kila tuta la barabarani kwa kelele za kumwaibisha dereva. Linataka grisi mara nyingi zaidi kuliko injini. Paka wa jirani ameamua ni mali yake, na huondoka pale tu anaposikia kwaa.

Lakini gauni halichaniki tena. "Nimepoteza mteja," mumewe anasema, na kwa kuwa fundi cherehani hawezi kukaa bure, amehamia kwenye vitambaa vya meza. Vitambaa hivyo hufungwa furushi moja kubwa na kuwekwa upande wa mizigo, nyuma tu ya kabini, chini ya dirisha dogo la kioo cha kusukuma. Furushi hilo lina sehemu katika habari hii, kama itakavyoonekana.

Mwezi uliopita, yule mwingine aliyepewa kazi ya viti ukumbini aliahidi saa akaivunja. Wastaafu walikuwa na mkutano, na ukumbi ulikuwa mtupu. Meneja alimpigia Mama Viti, akasema ni jaribio, tena aje bila wabebaji, aone. Mama Viti akamsifia kipandio chake, akaenda peke yake, akiimba.

Ukumbi una mlinzi ambaye kazi yake ya pili, aliyojipa mwenyewe, ni kuelekeza magari yanayorudi nyuma. Anaitwa Njoo-Njoo. Husimama ubavuni mwa gari, mikono ikipepea, akiimba "Njoo, njoo, njoo," na sifa yake ni kwamba hajawahi kuacha upenyo. Kwa wapakuaji, huo ndio ustadi wenyewe: kadiri gari linavyosogelea mlango, ndivyo mgongo unavyopumzika. Mama Viti mwenyewe alilelewa katika imani hiyo. Kwa miaka yote alijivunia kurudi nyuma hadi bampa ibusu ukuta.

Siku hiyo aliubusu. Njoo-Njoo akapiga makofi. Mama Viti akazima injini, akateremka, akazunguka nyuma, mguu tayari kwa teke, na hapo akasimama. Mlango wa nyuma usingeweza kulala hata kwa upana wa kiganja. Kipandio kilikuwa ndani yake, kizima, kimetiwa grisi, kimebanwa kati ya viti na ukuta.

Aligeuka ili asogeze gari mbele. Mbele palikuwa na lori la soda. Dereva wake alikuwa ameliegesha hapo punde, akaondoka na funguo kutafuta chai.

"Kosa langu," Mama Viti anasema. "Nilikuwa na kipandio kipya na kichwa cha zamani. Mtu akiniita njoo, mimi nakwenda tu."

Wastaafu walikwisha kuanza kufika, na wastaafu hufika mapema. Meneja alikuwa kwenye baraza ya juu, mikono juu ya ukingo, akitazama. Njoo-Njoo, kwa moyo safi, alinyoosha mikono. "Njoo nikurushe, mama. Huna uzito wowote."

Mama Viti alilitazama tairi, akautazama mkono wake wa kulia, kisha akaitazama baraza. Akirushwa, maneno ya meneja yamethibitishwa. Akipanda tairi, huenda mkono ukavunjika mbele ya mashahidi. Akikaa, wazee watasimama. "Ondoa mikono yako," alimwambia Njoo-Njoo. Akaingia kwenye kabini, akafunga mlango.

Kwa muda mfupi ilionekana kama amekata tamaa. Kisha kioo cha dirisha dogo la nyuma kikasukumwa. Watengenezaji walikusudia dirisha hilo lipitishe hewa. Kilitoka kichwa, likafuata bega, kisha lingine, halafu kiwiliwili chote, kikateleza juu ya furushi la vitambaa vya meza kama mkate unaotolewa tanurini. Alisimama kati ya viti vyake, akajifuta vumbi, akaweka sawa kilemba.

"Wewe uliyeniita njoo," alisema kwa sauti iliyofika hadi barazani, "sasa wewe njoo!"

Njoo-Njoo alikuja. Mama Viti alifungua kamba na kupitisha viti juu ya ubavu wa gari, viwili viwili, na mlinzi akavipokea, akilalamika kwamba kazi yake ni kuelekeza. Mzee mmoja mwenye mkongojo alichoka kutazama, akapokea kiti, akaingia nacho, akakikalia. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Kila mstaafu alichukua kiti chake mwenyewe. Wenye ukumbi wanasema hawajaona mkutano ulioketi haraka namna ile, ingawa wenye kumbi husema mambo mengi.

Meneja aliteremka. "Mama, hicho kipandio ulichonisifia sijakiona."

"Kimebanwa ukutani. Viti umeviona?"

"Viti nimeviona."

"Basi kipandio utakiona siku nyingine."

Meneja alilitazama gari lililobanwa. "Harusi mwezi ujao," akasema. "Nionyeshe. Nikikiona kinafanya kazi, ukumbi ni wako mwaka mzima."

Ndiyo leo. Pikapu inakunja kona ya ukumbi, vitambaa vyeupe vya meza nyuma ya kabini, marundo marefu ya viti nyuma yake. Meneja yuko mlangoni, kama alivyoahidi. Njoo-Njoo amekwisha kusimama ubavuni, mikono hewani.

"Njoo, njoo, njoo..." Pikapu inarudi taratibu. Ukuta bado uko mbali. "Basi!" anafoka, kiganja kimenyooka. "Basi hapo hapo, mama! Hatua mbili!"

Mama Viti anateremka, anazunguka, anapiga teke. Kwaa-ka. Anachomeka nguzo, anapanda bila kuharakisha, anaanza kufungua kamba. Meneja anatoka mlangoni. Anakisogelea kipandio, anakibonyeza kwa kiatu, mara moja, mara ya pili. Kisha, mtu mnene kama alivyo, anashika nguzo na kupanda. Chuma kinanung'unika, kinatulia. Sasa wote wawili wamesimama juu, wakitazamana kati ya marundo ya viti.

"Kinabeba," anasema meneja.

"Kinabeba," anakubali Mama Viti. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima." Anatazama chini, mara ya kwanza kwa wasiwasi. "Na kushuka?"

"Geuka. Shika nguzo. Mguu utafute chuma, usitafute ardhi."

Anashuka salama, na mkono wake unabaki juu ya nguzo kidogo zaidi ya ilivyolazimu.

Mipango ya Mama Viti haihitaji kuulizwa mara mbili. Anataka pikapu ya pili, na amekwisha kuchagua dereva: mdogo wake wa kike, ambaye kwa sasa anauza mboga na hupenda mwendo. "Nikimtuma kwenye kumbi ndogo, mimi nitashika hii," anasema. "Ila ni mfupi kuliko mimi. Nimemwambia Cheche aanze kutafuta geti lingine. Gari lake litakuwa na vipandio viwili."

Nyuma yake, lori la soda linaingia uani mwa ukumbi. Njoo-Njoo anakimbilia ubavuni mwake, anaimba, anapepea, kisha ananyoosha kiganja huku ukuta ukiwa bado mbali.

"Wewe vipi?" dereva anapaza sauti dirishani. "Sina kipandio mimi!"

"Leo huna," anajibu Njoo-Njoo, na kiganja hakishuki.