Siku Nilipowatimua Wanawake Ziwani

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mkunya, juu kwenye uwanda wa Newala, mtoto aliyemaliza ndoo nzima kwa kuoga alionekana mharibifu. Maji tuliyafuata mbali, au tuliyakinga kwenye bati mvua ikinyesha, na kila kisima cha kuyahifadhi kilikuwa na mwenyewe na kufuli lake. Tulioga makopo mawili: la kwanza la kujilowesha, la pili la kuondoa sabuni. Povu likibaki machoni, shauri yako. Kuparamia mikorosho tulikuwa mabingwa, na mabibo tuliyafyonza mpaka koo likawasha, lakini kuogelea hatukujua hata kwa ndoto.

Nilikuwa darasa la nne mama alipojifungua mdogo wangu Hamisi. Baada ya hapo chakula kikamkataa mama. Uji aliuonja akauacha, ugali wa muhogo hakutaka hata kuuona, na kuku aliyechinjwa na baba tulimla sisi. Akawa anakonda, maziwa yakapungua, na Hamisi akawa analia mchana kutwa. Siku moja mama akamwambia bibi, mama yake mzazi, "Labda ningepata kambale wa ziwani kwenu."

Bibi Somoe alizaliwa bondeni, jirani na ziwa dogo linalojazwa na Ruvuma inapofurika. Baba hakutaka twende, akihofia mamba. Bibi akakaza kanga kiunoni. "Baba Zuhura, mamba wa kule wananijua tangu nikiwa msichana." Baba akacheka, na aliyecheka hawezi tena kukataza. Alfajiri tukashuka, bibi na mimi, tukishikilia vichaka kwenye mteremko, tukalala kwa mdogo wake, Babu Athumani.

Asubuhi nikaliona ziwa. Nilisimama nimeduwaa. "Babu, maji yote haya ya nani?"

Babu Athumani alicheka mpaka akakaa chini. "Ya Nnungu, ya Mwenyezi mwenyewe, mjukuu wangu. Teka hadi uchoke, hutaulizwa na mtu."

Kilikuwa kiangazi, maji yamepungua, na wanawake walivua kwa matenga yasiyo na kitako. Walijipanga mstari wakipiga maji kwa viganja na kuimba, wakiwasukuma samaki kuelekea kwenye matete. Ukimhisi samaki unamfunika kwa tenga, unaingiza mkono kwa juu, unamtoa. Mama Salumu, mwanamke wa miraba minne aliyewaongoza, alinipa tenga na nafasi ya mwisho, penye maji ya magotini. Nilimtazama bibi yangu nikashangaa. Yule ajuza aliyelalamikia mgongo kila siku kule juu alikuwa anacheza ndani ya maji kama msichana.

Tulikuwa tumewasogeza samaki wengi hata maji yakawa yanachemka. Nikashusha tenga langu, nikaingiza mkono. Kitu kinene, chenye utelezi, kikajipinda na kunichoma kidoleni.

"Mamba! Mamba kanishika!"

Nnungu wangu! Matenga yalirushwa hewani, kanga zikaachwa majini, Mama Salumu akawa wa kwanza kufika nchi kavu, na mwili wake ule! Samaki wote nao wakarudi zao kilindini. Aliyebaki majini ni bibi peke yake, na mimi niliyelilalia tenga langu nikilia. Bibi akaja, akaingiza mkono, akamwinua kambale mrefu kama mkono wangu, ndevu zikichezacheza.

"Mamba wako huyu hapa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wale wanawake walikuwa na watoto wa kulisha, na kazi ya asubuhi nzima nilikuwa nimeiharibu kwa neno moja. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamchukua yule kambale kwa mikono miwili, nikampelekea Mama Salumu. "Shikamoo, mama. Mchukueni ninyi."

"Marahaba." Alinitazama, akamtazama samaki. "Bibi yako amesema mama yako anaumwa, siyo? Basi huyu ni wake. Ila unarudi majini na sisi, na mara hii unakaa katikati, karibu na mimi."

Nilirudi majini. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimefunika perege saba, na wanawake walikuwa wameshanipa jina la Mama Mamba. Jina hilo bado lipo. Nikishuka bondeni hadi leo naitwa hivyo na watu ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa.

Kambale tulimbanika asiharibike, tukapanda naye. Mama alikunywa mchuzi bakuli la kwanza akiwa ameegemea ukuta, la pili akiwa amekaa wima, la tatu akaanza kumgombeza baba kwa habari ya paa linalovuja. Tukajua amepona.

Siku hizi Newala samaki wanakuja kwa bodaboda, wameganda kama matofali. Wanangu wamejifunza kuogelea kwa kutazama simu, yaani hawajui. Wanataka samaki asiye na mwiba, asiye na macho, ikiwezekana asiye na harufu ya samaki. Sisi kichwa cha kambale tulikipigania mpaka bibi akatuchapa mwiko. Jana nilitoa kimoja chunguni, nikakiweka katikati ya sinia, nikangoja. Hakuna mkono uliosogea. Nikakila chote peke yangu, taratibu, na kilikuwa kitamu, ila kingekuwa kitamu zaidi kama angekuwepo wa kuninyang'anya.