Kombe wa Juu ya Tope

Mchuzi wa kombe alioniletea jirani mchana huu unanukia nazi, na chini ya nazi mna harufu ya shaba iliyolowa. Naijua harufu hiyo.

Nilikuwa mdogo. Maji yalipokupwa, nilishuka na mama kwenye mikoko, chini ya karakana moja ya kuyeyushia betri kuukuu. Kombe, wale wa magamba mawili, hujifukia topeni; tulizoea kuwatafuta kwa kisigino. Siku ile walilala juu ya tope, kama waliomwagwa. Nikainama na ndoo yangu.

"Waache," mama akasema. "Kombe mzima halali juu. Wamekimbia nini huko chini?"

Akanusa tope, lililonuka shaba iliyolowa, akautazama mfereji wa karakana. Tukarudi na ndoo tupu. Shoga yake mmoja aliyeshuka nasi alijaza yake huku akitucheka, na adhuhuri akatuletea bakuli la mchuzi wa kombe wale.

"Ahsante shoga, lakini leo tumefunga," mama akamwambia. Mhogo niliokuwa nautafuna ukanikwama mdomoni.

Sasa jirani yangu kasimama mlangoni, anangoja nionje.

"Wametoka wapi?"

"Pwani ya Uroa," amejibu, upesi mno.

"Ahsante shoga, lakini leo tumefunga."

Nyuma yangu, mwanangu ameacha kutafuna.